Kutuliza Maumivu ya Saratani Katika Nchi za Meru na Embu

Katika vitabu vya historia twasoma habari za wafalme na majeshi, za majahazi na misafara, za mipaka iliyochorwa na bendera zilizopandishwa. Iko historia nyingine isiyo na bendera wala baragumu, nayo ni historia ya mapambano ya binadamu na maumivu ya mwili wake. Mapambano hayo hayakupiganwa uwanjani. Yalipiganwa kitandani, mara nyingi usiku, na mashahidi wake walikuwa mke, mume, mtoto au mjukuu aliyeshika taa. Katika insha hii tutatazama sehemu moja ya historia hiyo: namna watu walivyojifunza kutuliza maumivu ya saratani, na namna elimu hiyo ilivyopanda polepole hadi miteremko ya mashariki ya Mlima Kenya, katika nchi za Wameru na Waembu.

Saratani, ambayo watu wengi huiita kansa, ni ugonjwa wa chembe za mwili zilizoasi. Chembe njema huzaliwa, hufanya kazi yake, kisha hufa na kuachia nyingine nafasi. Chembe ya saratani huzaana bila kipimo, huvamia jirani zake, na huweza kusafiri katika damu hadi kwenye mifupa, ini au mapafu. Kwa makadirio ya shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, mwaka 2020 Wakenya zaidi ya 42,000 walipatwa na ugonjwa huu, na wapatao 27,000 walikufa kwa sababu yake. Saratani za matiti, za mlango wa kizazi, za tezi dume na za umio ni miongoni mwa zile zinazoonekana sana. Mara nyingi ugonjwa huanza bila kuuma, na hilo ndilo hila lake. Mtu hujiona mzima mpaka uvimbe umekwisha kukandamiza mishipa ya fahamu au kutafuna mfupa. Hapo ndipo maumivu yanapobisha hodi, na mgonjwa anapofika hospitali huwa amechelewa.

Maumivu ya saratani yana sura mbili, na mtu asiyezitofautisha hataelewa historia inayofuata. Sura ya kwanza ni maumivu ya kudumu, yanayokaa na mgonjwa tangu asubuhi hata usiku. Sura ya pili ni maumivu ya ghafla, ambayo humpanda mgonjwa ingawa amekwisha kunywa dawa na maumivu yake ya kila siku yametulia. Haya ya pili tutayaita maumivu ya kupenya, kwa kuwa huipenya dawa kama mwizi apenyavyo ua. Mfano wake ni Mto Thuchi, ule unaotenganisha Embu na Tharaka Nithi. Siku nyingi maji yake hukaa baina ya kingo zake, na watu huyazoea. Lakini mvua kubwa ikinyesha juu mlimani, maji huja kwa kishindo, hupanda kingo, na aliyekuwa akivuka hujikuta hana pa kushika.

Maumivu ya kupenya nayo yana aina zake. Yako yanayoletwa na tendo: mgonjwa mwenye saratani iliyoingia mifupani huumia anapogeuzwa kitandani au anaposimama, mwenye saratani ya umio huumia anapomeza, mwingine huumia anapokohoa. Yako yanayokuja bila sababu inayoonekana, hata mgonjwa akiwa amelala kimya. Tena yako yanayotokea kabla ya saa ya dawa inayofuata, kwa sababu nguvu ya ile ya kwanza imekwisha. Mara nyingi maumivu haya hufikia kilele chake kwa dakika chache tu, hudumu kwa muda wa nusu saa hivi, kisha hupungua. Nusu saa ni kitu kidogo kwa mtu anayengoja basi. Kwa mtu anayeumwa hivyo ni usiku mzima.

Wazee wetu waliyajua maumivu, na waliwalea watoto wao wayakabili kwa kimya. Miongoni mwa Wameru, Waembu, Wachuka, Watharaka na Wambeere, kijana aliyetahiriwa hakuruhusiwa hata kupepesa jicho mbele ya kisu. Kulia kulikuwa aibu yake na ya nyumba yao. Malezi hayo yalijenga watu shupavu, na hapana haja ya kuyadharau. Ila yalikuwa na upande wa pili. Mzee aliyefunzwa tangu ujana kwamba mwanamume haugui mbele za watu, akiulizwa na muuguzi kama anaumwa, hujibu, “Kidogo tu.” Mama naye hunyamaza asije akawatia watoto hofu, au wakauza ng'ombe kwa ajili yake. Wahenga walisema: mficha maradhi, kilio kitamfichua. Maumivu ya kupenya, kwa kuwa huja na kwenda, ni rahisi kufichwa kuliko mengine. Muuguzi akifika mchana humkuta mgonjwa ametulia, na hajui lililotokea saa nane za usiku.

Sasa na tugeuke tuitazame dawa. Tangu zamani za kale watu wa mashariki ya Bahari ya Kati na wa Asia waliujua utomvu wa mmea wa afyuni, ambao watu wa pwani yetu huuita pia kasumba. Utomvu huo uliondoa maumivu na kuleta usingizi, lakini hakuna aliyeweza kujua nguvu yake kabla ya kuumeza. Mmoja ulikuwa dhaifu, mwingine uliua. Mapema katika karne ya 19, kijana mmoja Mjerumani, Friedrich Sertürner, aliyekuwa msaidizi wa mtengeneza dawa katika mji wa Paderborn, alitenga katika afyuni kile kitu chenyewe chenye nguvu. Akakiita kwa jina la Morpheus, mungu wa ndoto katika hadithi za Wayunani, na kutoka hapo tukapata neno mofini. Tangu wakati huo dawa ikaweza kupimwa kwa mizani. Mwaka 1853 daktari Alexander Wood wa Edinburgh akatumia bomba la sindano kuiingiza chini ya ngozi.

Kabla ya hapo, mwaka 1846, madaktari wa Boston huko Marekani walikuwa wamemwonyesha ulimwengu jinsi mvuke wa etha unavyoweza kumlaza mtu apasuliwe asione uchungu. Basi mtu angeweza kudhani kwamba maumivu yameshindwa kabisa. Haikuwa hivyo. Maumivu ya kisu yalishindwa, kwa kuwa yana mwanzo na mwisho unaojulikana. Maumivu ya saratani yalibaki, na kwa zaidi ya miaka mia moja baadaye wagonjwa waliendelea kuteseka ilhali mofini imo kabatini. Sababu ilikuwa hofu. Madaktari waliogopa kumzoeza mgonjwa dawa ya kulevya. Wakaitoa kwa uchache, na pale tu mgonjwa alipoiomba. Alipaswa kwanza aumie, kisha aombe, kisha angoje. Hivyo kila mara dawa ilifika baada ya maumivu, kama zima moto anayefika paa limekwisha kuanguka.

Aliyeugeuza utaratibu huo alikuwa mwanamke Mwingereza, Cicely Saunders. Alianza kama muuguzi, akawa mshauri wa wagonjwa katika mambo ya jamii, na mwisho akasomea udaktari ili apate kusikilizwa. Mwaka 1948 alimhudumia mkimbizi Myahudi kutoka Warsaw, David Tasma, aliyekuwa akifa kwa saratani mbali na watu wake. Mtu huyo alimwachia paundi 500 ziwe za dirisha katika nyumba atakayoijenga siku moja. Nyumba hiyo, Hospisi ya St Christopher, ilifunguliwa mjini London mwaka 1967, baada ya miaka 19. Kabla ya hapo, tangu mwaka 1958, Saunders alikuwa amefanya kazi katika hospisi ya watawa wa Kikatoliki ya St Joseph, na huko aliwapa wagonjwa mofini ya kunywa kwa saa maalumu, pasipo kungoja maumivu yarudi. Akaona kwamba mgonjwa aliyehakikishiwa dawa yake hakuishi akiitamani. Aliisahau, akazungumza, akala, akaandika barua. Alifundisha pia kwamba maumivu ya mtu anayekaribia kufa si ya mwili peke yake. Yamo ndani yake majonzi ya kuacha watoto, wasiwasi wa fedha, upweke, na maswali ya roho.

Mwaka 1986 Shirika la Afya Duniani lilitoa kitabu kidogo juu ya kutuliza maumivu ya saratani. Ndani yake mna ngazi ya vidato vitatu. Kidato cha kwanza ni dawa nyepesi kama asprini na parasetamoli. Cha pili ni dawa za nguvu ya kati kama kodeini. Cha tatu ni mofini. Kanuni zake zilikuwa rahisi: dawa inywewe kwa mdomo inapowezekana, itolewe kwa kufuata saa, na ipandishwe kidato kwa kidato hadi maumivu yatulie. Ubora wa kanuni hizo ni kwamba hazikuhitaji mashine wala jumba la ghorofa. Zilihitaji chupa, kijiko cha kupimia, saa, na mtu mwaminifu. Nyumba ya matofali ya udongo katika miteremko ya Meru ingeweza kuzifuata sawasawa na hospitali ya London.

Hata hivyo saa peke yake haikutosha. Mwaka 1990 madaktari wawili, Russell Portenoy na Neil Hagen, walichapisha uchunguzi walioufanya New York. Waliwachunguza wagonjwa 63 wa saratani waliokuwa wakitumia dawa kwa utaratibu, wakakuta kwamba 41 kati yao walipatwa na maumivu ya kupenya. Tangu hapo jambo ambalo wagonjwa walilijua siku zote likapata jina na kipimo katika vitabu vya udaktari. Ikaeleweka wazi kwamba mgonjwa wa saratani ahitaji vitu viwili: dawa ya saa, iwe boma la kila siku, na dawa ya akiba kando ya kitanda, ya kunywewa mara tu maumivu yanapolivunja boma. Kumpa ya kwanza na kumnyima ya pili ni kujenga nyumba bila mlango.

Mwaka huohuo wa 1990 Hospisi ya Nairobi ilianza kazi, ikawa ya kwanza katika Kenya. Huko alifanya kazi kwa muda daktari Anne Merriman, mzaliwa wa Liverpool, ambaye hapo awali alipokuwa Singapore alishirikiana na wataalamu wa dawa kutengeneza mofini ya maji kwa gharama ndogo. Unga wa mofini uliyeyushwa katika maji, ukatiwa kihifadhi ili usiharibike, ukatiwa na rangi ili nguvu moja isichanganywe na nyingine. Mwaka 1993 Merriman alianzisha Hospisi ya Afrika mjini Kampala. Mwaka 2004 Uganda ikaruhusu kwa sheria wauguzi na maofisa wa tiba waliofunzwa kazi hii waandike mofini, bila kumngoja daktari. Ilikuwa nchi ya kwanza duniani kufanya hivyo. Maana ya sheria hiyo yaonekana wazi kwa mtu anayekaa kijijini: mahali ambapo daktari ni mmoja kwa maelfu ya watu, kalamu yake ikiwa ndiyo ufunguo pekee, kabati litakaa limefungwa.

Sasa turejee kwetu. Nchi za Meru na Embu hazikukosa hospitali. Misheni ya Kanisa la Scotland ilianzisha hospitali ya Chogoria mwaka 1922 chini ya daktari Clive Irvine. Wamethodisti wakajenga yao huko Maua, katika nchi ya Waigembe. Wakonsolata wakawa na hospitali za Nkubu katika Meru na Kyeni katika Embu. Serikali nayo ikawa na hospitali zake kubwa katika miji ya Meru na Embu. Hospitali hizo ziliwaokoa watu wengi na malaria, nimonia na matatizo ya uzazi. Saratani ilikuwa shauri jingine. Kwa miaka mingi mashine za serikali za kutibu kwa mionzi zilikuwa katika Hospitali ya Kenyatta peke yake, na kutoka Meru hadi Nairobi ni zaidi ya kilomita 200. Mgonjwa alipoambiwa ugonjwa wake umepita matibabu, alirudishwa nyumbani kwa matatu au kwa gari la kukodi, naye amebeba karatasi na vidonge vya kutosha siku chache.

Jinsi wagonjwa hao walivyoishi ilikuja kuandikwa. Mwaka 2003 jarida la madaktari wa Uingereza, British Medical Journal, lilichapa uchunguzi wa Scott Murray na Elizabeth Grant na wenzao, uliolinganisha watu waliokuwa wakifa kwa saratani katika nchi mbili: wagonjwa 20 wa Scotland, na 24 wa wilaya ya Meru. Wachunguzi waliwasikiliza wagonjwa hao pamoja na watu waliowauguza. Matokeo yake yafaa yasomwe na kila Mkenya. Mgonjwa wa Scotland alipewa dawa bila malipo, kwa hiyo mwili wake ulikuwa umetulizwa. Kilichomtesa zaidi ni moyo wake mbele ya kifo, na mara nyingi alikuwa peke yake na mawazo hayo. Mgonjwa wa Meru alikuwa na jamaa, majirani na kanisa. Waliomtembelea waliimba na kuomba pamoja naye, na hakukiogopa kifo sana. Kilichomtesa ni maumivu ya mwili ambayo hakuwa na fedha za kuyatuliza, pamoja na gharama zilizokuwa zikiwafilisi watoto wake.

Tupime jambo hilo kwa uangalifu. Watu wa Meru walikuwa na kile ambacho fedha haziwezi kununua, wakakosa kile ambacho kingeweza kununuliwa kwa fedha kidogo. Mofini ya maji si dawa ya anasa. Kama ilikosekana, haikuwa kwa sababu ya umaskini peke yake.

Kizuizi kimoja kilikuwa sheria na jinsi ilivyoeleweka. Mkataba wa mataifa wa mwaka 1961 juu ya dawa za kulevya ulisema mambo mawili: kwamba matumizi mabaya ya dawa hizo yazuiwe, na kwamba matumizi yake katika tiba, kwa kutuliza maumivu, hayana budi kuendelea na dawa zipatikane. Mataifa mengi yalilisikia neno la kwanza na kulisahau la pili. Sheria ya Kenya ya mwaka 1994 juu ya dawa za kulevya iliweka adhabu kali kwa wauzaji haramu. Ni jambo jema. Lakini katika fikira za watu wengi, hata wahudumu wa afya, mofini ilionekana kuwa ndugu wa heroini kuliko kuwa ndugu wa asprini. Mwaka 2010 shirika la Human Rights Watch lilitoa taarifa juu ya Kenya, likaeleza kwamba kati ya hospitali za serikali zipatazo 250, ni 7 tu zilizokuwa na mofini ya kunywa. Hesabu hiyo yatosha kueleza usiku wa nyumba nyingi.

Tangu hapo mambo yamesogea. Serikali, ikishirikiana na chama cha hospisi za Kenya, ilianza kufungua vitengo vya tiba shufaa, yaani tiba ya kumpunguzia mgonjwa mateso, katika hospitali kubwa za majimbo. Mwaka 2012 Bunge lilipitisha sheria juu ya kuzuia saratani, na mwaka 2013 ukatolewa mwongozo wa taifa juu ya tiba shufaa. Katika eneo letu ipo Hospisi ya Meru, na ipo Hospisi ya Embu-Mbeere. Hospitali ya Maua nayo imekuwa na idara ya kazi hii, yenye wauguzi wanaowafuata wagonjwa majumbani. Mchoro huu si wa kujivunia kupita kiasi. Barabara za nyanda za chini za Tharaka na Mbeere ni ndefu, na mvua za masika hugeuza njia za juu, penye michai na kahawa, kuwa utelezi. Dawa iliyo mjini haijamfikia bado mgonjwa aliye bondeni.

Hebu tuone sasa dawa inavyofanya kazi inapofika, kwa maana hapa mwanafunzi ana nafasi yake. Tuchukue mfano wa mgonjwa aliyeandikiwa miligramu 10 za mofini ya maji kila baada ya saa nne. Siku ina saa 24, basi atakunywa mara sita, jumla miligramu 60. Dawa ya akiba kwa desturi ni sehemu moja ya sita ya jumla ya siku, nayo hapa ni miligramu 10, sawa na kipimo kimoja cha kawaida. Maumivu yakipenya, anakunywa kipimo hicho cha akiba, na dawa ya saa inabaki palepale kwa saa yake. Kama siku nzima ametumia akiba mara tatu, basi mwili wake umehitaji miligramu 90. Mganga akizigawa kwa sita, aona kwamba kipimo cha kila saa nne chapaswa kupanda hadi miligramu 15. Lakini kama maumivu huja tu anapooshwa au anapogeuzwa, pengine dawa ya saa haihitaji kupanda. Yafaa akiba inywewe nusu saa au zaidi kidogo kabla ya kuoshwa, maana mofini ya kunywa haifanyi kazi papo hapo. Hesabu hizi ni za mganga na muuguzi, wala hakuna ruhusa ya kujipimia mwenyewe. Ila haziwezi kufanywa pasipo jambo moja: mtu nyumbani aliyeandika saa ambazo maumivu yalikuja.

Nimewahi kuwa na mwanachuo mmoja aliyemuuguza nyanya yake wakati wa likizo. Alikuwa na daftari la hesabu, akalitia mistari minne: saa, kazi aliyokuwa akiifanya mgonjwa, ukubwa wa maumivu kutoka sifuri hadi kumi, na dawa aliyopewa. Nyanya hakusoma, kwa hiyo akamwambia aonyeshe kwa vidole. Kumi vyote vilimaanisha maumivu yasiyostahimilika. Wiki ya kwanza iliyoandikwa ilionyesha kwamba maumivu yalikuja karibu kila usiku kati ya saa nane na saa tisa. Muuguzi alipolisoma daftari aliona kuwa kipimo cha wakati wa kulala kilikuwa hakifiki asubuhi, akampelekea daktari, nacho kikaongezwa. Ajuza yule hakupona. Saratani yake haikuwa ya kupona. Lakini alilala usiku, na miezi yake ya mwisho aliitumia kuwasimulia wajukuu habari za ukoo wao. Daftari hilo halikuwa na neno moja la Kilatini ndani yake.

Ziko hofu tatu zinazosimama bado baina ya mgonjwa na dawa yake, nazo yafaa zijibiwe. Wa kwanza husema: mofini itamfanya mlevi. Jibu ni kwamba anayetumia mofini kwa ajili ya maumivu, kwa kipimo na kwa uangalizi, mara chache sana huingia katika tamaa ya ulevi. Mwili wake huizoea, ndiyo, na kwa hiyo haikatizwi ghafla. Lakini mazoea ya mwili si ulevi wa moyo. Wa pili husema: mofini ni ya kufa, ukipewa ujue umekwisha. Jibu ni kwamba mofini hutolewa kwa kipimo cha maumivu, hata kwa mtu atakayeishi miaka. Nayo ikipimwa vema haiharakishi kifo. Wa tatu husema: itamdhuru. Huyu ana sehemu ya ukweli. Mofini hufunga choo karibu kwa kila aitumiaye, hivyo hupewa pamoja na dawa ya kulainisha tumbo. Huleta usingizi na kichefuchefu katika siku za mwanzo. Na ikizidishwa huzuia pumzi. Kwa hiyo chupa hufungiwa mbali na watoto, na kipimo hakibadilishwi kwa kubahatisha.

Elimu haijafika mwisho wake. Kwa kuwa maumivu ya kupenya hufika kileleni kwa dakika chache, na mofini ya kunywa huchukua nusu saa au zaidi kufanya kazi, wataalamu wa nchi tajiri wametengeneza dawa ya fentanili, inayoyeyushwa mdomoni au kupuliziwa puani na kufanya kazi kwa haraka zaidi. Bei yake imeiweka mbali na watu wetu walio wengi. Mpaka itakapoteremka, silaha yetu ni ile ya kale: kuyajua maumivu kabla hayajaja, kuweka akiba karibu, na kumwamini mgonjwa anaposema anaumwa. Hili la mwisho halina bei, nalo ndilo lililochelewa kuliko yote katika historia tuliyoisimulia.

Wazee wa Meru na Embu walifundisha uvumilivu, na uvumilivu ni fadhila. Lakini kila fadhila ina mahali pake. Kijana mbele ya kisu aliumia kwa muda mfupi, akapata utu uzima. Maumivu yake yalikuwa na maana, na jamii nzima ilimngoja upande wa pili kwa nyimbo. Mgonjwa wa saratani anayeumia saa nane za usiku hapiti kwenda popote. Hakuna cheo kinachomngoja, na hakuna aliyetukuka kwa kumwacha alie. Mtu asiyeumwa asimpimie mwenzake uvumilivu, maana kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Ikiwa nyumbani kwenu yuko mgonjwa wa namna hiyo, nawe unajua kusoma saa na kuandika tarakimu, basi umekwisha kupewa sehemu ya kazi. Muulize kama anaumwa. Akijibu “Kidogo tu,” muulize tena, kisha chukua kalamu uandike.